Je, kobe anasikia? Masikio yasiyoonekana na sauti zinazomfikia

Video ya kobe anayetoka mafichoni baada ya kuitwa jina haimalizi siku mtandaoni kabla ubishi haujaanza. Kuna wanaosema kobe ni kiziwi na kwamba huyo wa kwenye video amemwona mtu tu, au amenusa chakula. Kuna wanaoapa kwamba wa kwao huitika hata akiwa amewapa mgongo. Halafu huja wa tatu na jibu la kusuluhisha: kobe hana masikio, ila husikia kwa gamba.

Ukweli ni kwamba kobe anasikia, tena kwa masikio. Lakini anachokisikia ni sehemu ndogo ya sauti tunazozisikia sisi, na sehemu hiyo iko upande wa sauti nene. Ubishi wote unaanzia hapo. Anayemwona kobe kiziwi kwa kawaida alimpima kwa sauti isiyomfikia. Anayemwona kobe msikivu kupita kiasi mara nyingi alimpima kwa mtetemo wa sakafu bila kujua.

Maneno machache kwanza

Kobe hapa ni yule wa nchi kavu, mwenye miguu minene na gamba lililoinuka. Kasa ni ndugu zake wa majini, wa baharini na wa maji baridi. Wote ni kundi moja la reptilia na ramani ya sikio lao ni moja, ndiyo maana vipimo vilivyofanywa kwa kasa hutusaidia kumwelewa kobe.

Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani, majini au ndani ya kitu kigumu. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa masafa, na hupimwa kwa hezi. Mitetemo michache huleta sauti nene, mitetemo mingi huleta sauti nyembamba. Nguvu ya sauti ni jambo jingine kabisa na hupimwa kwa desibeli. Watu huyachanganya haya mawili mara kwa mara. Ukiongeza sauti ya redio umeongeza desibeli, lakini mluzi uliokuwa mwembamba umebaki mwembamba, na kama uko juu ya masafa anayoyasikia kobe, kuuongeza nguvu hakutamfaa kitu.

Sikio liko wapi

Mtazame kobe kwa ubavuni akiwa ametoa kichwa. Vile vitundu viwili vya mbele ni pua, ingawa wapo wanaovidhania masikio. Sasa fuata mstari wa mdomo hadi unapoishia, kisha sogea nyuma kidogo, chini na nyuma ya jicho. Utaona eneo la mviringo, limekaa sawasawa au limebonyea kidogo, limefunikwa na ngozi au gamba jembamba lenye sura tofauti kidogo na ngozi ya jirani. Hilo ndilo sikio. Hakuna tundu, hakuna mfereji, hakuna kitu cha kusafisha. Kijiti cha pamba hakina kazi hapo, na maji ya kuogea hayana njia ya kuingilia kutoka nje.

Chini ya ngozi hiyo kuna kisahani cha gegedu ambacho ndicho kiwambo chake cha sikio. Nyuma ya kisahani kuna chumba chenye hewa, na ndani ya chumba hicho hupita mfupa mmoja mwembamba kama ufito unaopeleka mtetemo hadi sikio la ndani. Binadamu ana mifupa mitatu inayopokezana kazi hiyo. Kobe ana mmoja. Katika sikio la ndani mtetemo hufika kwenye seli zenye vinyweleo, na seli hizo huugeuza kuwa ishara ya umeme inayopanda kwenye ubongo kupitia neva.

Seli hizo zina historia ya kuvutia kwa mnyama anayeitwa kiziwi. Mwaka 1981 Andrew Crawford na Robert Fettiplace wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha, kwa kutumia sikio la kasa wa maji baridi mwenye alama nyekundu kichwani, kwamba kila seli imejipanga kwa umeme wake yenyewe kuitikia masafa fulani zaidi ya mengine. Mengi tunayoyajua kuhusu seli za usikivu yamepita kwenye sikio la mnyama huyo.

Anasikia masafa gani

Kijana mwenye masikio mazima husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi, na sikio lake huwa kali zaidi kati ya 2,000 na 5,000. Kobe na kasa kwa jumla husikia kuanzia kama hezi 100 hadi karibu 1,000, na pale wanaposikia vizuri zaidi ni kwenye mamia ya kati, 200 hadi 600 hivi. Yaani sikio la binadamu linapoanza kunoga, la kobe limeshamaliza safari.

Namna nyepesi ya kuelewa hali hiyo ni kufikiria muziki wa jirani unaoupata kupitia ukuta. Besi na ngoma unazipata, pengine hata wimbo unautambua, lakini maneno na matoazi yamebaki upande wa pili.

Hata ndani ya masafa hayo, hewani kobe si msikivu sana. Sauti inayomfikia inabidi iwe na nguvu kuliko ile ndogo kabisa ambayo sisi tungeisikia. Mazungumzo ya kawaida yapo karibu na mpaka wake: ukiwa karibu naye huenda anapata mvumo wa sauti yako, ukiwa upande wa pili wa uwanja hapati kitu.

Majini mambo hubadilika. Mwaka 2012 kundi la watafiti lililoongozwa na Jakob Christensen-Dalsgaard lilimpima kasa yuleyule mwenye alama nyekundu kwa miale ya leza inayosoma mtetemo wa kiwambo, na kwa vielektrodi vinavyosoma mwitikio wa shina la ubongo. Hewani alisikia vizuri zaidi kati ya hezi 300 na 500. Majini alihitaji sauti dhaifu zaidi kwa desibeli 20 hadi 30. Sababu ni kile chumba cha hewa nyuma ya kiwambo: majini hewa hiyo hutanuka na kusinyaa kwa sauti ya kama hezi 500 na kukisukuma kisahani. Watafiti hao waliondoa hata ngozi inayofunika sikio na kupima tena, na usikivu haukubadilika. Kwa hiyo kinachopokea sauti ni kisahani cha gegedu; ngozi ni kifuniko tu. Ulinganisho wa mafuvu ya aina nyingi za kasa na kobe uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba umbo la chumba hicho linaafikiana na asili ya majini. Kobe wa nchi kavu, kwa maneno mengine, anatembea na sikio lililobuniwa kwa maji.

Jina analisikiaje

Hapa ndipo wenye kobe hupenda kubisha, basi tulitazame jina lenyewe. Unapotamka neno, vokali ndizo hubeba nguvu kubwa upande wa sauti nene, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini ya hezi 1,000. Sauti za s, sh na f, pamoja na ule mlipuko mdogo wa t, hukaa juu ya hezi 2,000. Kobe aitwaye Tito na kobe aitwaye Kiko wanaitwa, kwa masikio yao, jina moja: mvumo mfupi wa i ukifuatwa na mvumo wa o. Sauti nene inayotamka polepole na kuvuta vokali ina nafasi nzuri kuliko ukelele mwembamba.

Hiyo haimaanishi kwamba hawezi kujifunza mvumo huo una maana gani. Anaweza, na tutafika hapo. Kisichokuwepo ni uwezo wa kulitofautisha jina lake na maneno mengine yenye vokali zilezile.

Kwa kipimo hichohicho unaweza kupanga sauti nyingine za nyumbani. Mluzi wa mdomo kwa kawaida huanza juu ya hezi 500 na kupanda hadi elfu kadhaa, kwa hiyo mwingi humpita. Ndege wengi huimba juu ya hezi 2,000, na king'ora cha moshi hulia karibu na 3,000. Vyote viko nje. Filimbi ya mbwa na vile vifaa vya kufukuza panya kwa sauti ya juu hufanya kazi juu ya hezi 20,000, hivyo hofu kwamba vinamtesa kobe haina msingi kwa upande wa masikio. Mngurumo wa friji, pampu ya maji, spika kubwa ya besi na nyayo za watu ni habari nyingine.

Gamba na sakafu

Wazo la kusikia kwa gamba lina chembe ya ukweli iliyowekwa mahali pasipo pake. Gamba la kobe ni mfupa hai, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, una mishipa ya damu na neva, na kwa nje umefunikwa na bamba za keratini, kitu kilekile cha kucha. Ukiligusa anajua. Ukitikisa ardhi anajua pia, kupitia miguu na kupitia fumbatio, lile gamba la chini ambalo mara nyingi hulala juu ya udongo. Lakini huko ni kuhisi mtetemo wa kitu kigumu, na ndiko kunakoharibu karibu kila jaribio la nyumbani. Mtu anapiga makofi hatua moja kutoka kwa kobe, kobe anarudisha kichwa, mtu anatangaza kwamba amesikia. Kumbe kobe aliona mikono ikienda kasi. Au mtu anaangusha sufuria nyuma yake: kishindo kimepita sakafuni na kufika fumbationi, na masikio hayakuhitajika.

Macho ya kobe ni mazuri, huona rangi, na kitu kinachosogea ghafla hukipa uzito mkubwa. Pua yake ni kali pia. Mnyama mwenye macho na pua za namna hiyo ana njia nyingi za kujua umefika kabla hujafungua kinywa.

Jinsi ya kumpima nyumbani

Unahitaji programu ya simu inayotoa sauti moja kwa masafa unayochagua, spika ndogo, kamera, na subira. Chagua hezi 400. Namba hiyo ina sababu: iko ndani ya eneo bora la kobe, na ni nyembamba kiasi kwamba spika ndogo bado huweza kuitoa. Ukichagua hezi 100, spika ya simu kwa kawaida haitoi kitu cha maana na utamlaumu kobe kwa udhaifu wa spika.

Ining'inize spika kwa kamba, au iweke juu ya blanketi nene lililokunjwa mara kadhaa, isiguse meza wala sakafu aliyokalia kobe. Iwe nyuma yake, mita 1 hadi 1.5, asiione. Kobe awe amepata joto la kutosha na yuko macho, kichwa nje. Kobe wa baridi haitikii chochote, na majaribio mengi yanayotoa jibu la "kiziwi" yalifanywa asubuhi kabla mnyama hajapata jua. Mwache atulie dakika 10 bila mtu kupitapita.

Kisha toa sauti ya sekunde 1 hadi 2, ya nguvu ya wastani. Kama programu yako inaruhusu sauti ipande taratibu badala ya kuanza kwa mkupuo, tumia njia hiyo, kwa sababu sauti inayoanza kwa mkupuo hutoa mlio mfupi wa "tik" wenye masafa mengi na hutajua ameitikia nini. Subiri dakika 2 au zaidi, kwa vipindi visivyolingana, kabla ya nyingine. Usizidishe 5 kwa siku: kobe huzoea haraka sauti isiyo na matokeo na huacha kuijali.

Muhimu kuliko yote, changanya humo majaribio ya bure, ambapo unabonyeza kila kitu kama kawaida lakini sauti imezimwa. Fikisha 10 za sauti na 10 za kimya kwa siku kadhaa. Anayetazama video baadaye azime sauti ya video asijue ni lini mlio ulitoka, na aandike kila alichokiona katika sekunde 5 baada ya kila muda uliobonyeza, ambao umwandikie bila kusema upi ulikuwa wa sauti. Utashangaa kobe hugeuza kichwa mara ngapi kwa sababu zake mwenyewe.

Usisubiri ageuke kama mbwa. Hana sikio la nje la kuelekeza, na silaha yake ya asili ni kutulia au kujivuta ndani. Mwitikio halisi ni mdogo: shingo inasimama katikati ya mwendo, taya linaacha kutafuna, jicho linapepesa, ngozi ya koo iliyokuwa ikipanda na kushuka inatulia, kichwa kinarudi ndani nusu sentimita. Kama mambo hayo yanatokea wazi zaidi kwenye majaribio ya sauti kuliko ya kimya, una ushahidi. Rudia kwa hezi 4,000 kwa nguvu ileile. Hapo tofauti inapaswa kutoweka.

Kama hakuna tofauti hata kwenye 400, usikimbilie kusema masikio yameharibika. Angalia kwanza joto, hamu ya kula na afya ya macho.

Kumfundisha sauti ya chakula

Kobe hujifunza, na hasahau upesi. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 kuhusu kobe wakubwa wa visiwa vya Aldabra na Galápagos uliwakuta baadhi yao, waliofunzwa kwenye bustani ya wanyama ya Vienna, bado wanakumbuka zoezi baada ya miaka 9. Zoezi hilo lilitumia shabaha ya rangi, yaani macho, na hiyo ndiyo njia rahisi zaidi kwa kobe yeyote. Sauti inawezekana pia, ila inachukua muda.

Tumia sauti moja ileile kila mara: mvumo wa "mmm" mnene wa mdomo uliofungwa, au mlio wa hezi 400 kutoka kwenye spika. Itoe sekunde 2 au 3, ndipo chakula kitokee. Mpangilio huo ukigeuka, chakula kikatangulia, sauti haina kazi ya kutabiri na kobe hataijali. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuja na chakula mkononi: harufu na kivuli chako vimeshatoa habari kabla ya sauti. La pili ni kulisha saa ileile kila siku, halafu kushangilia kwamba kobe ameitikia wito, wakati ameitikia saa. Baada ya wiki kadhaa, jaribu sauti kwa saa isiyo ya kawaida na kutoka pembe nyingine, wewe ukiwa huonekani. Akija hapo, hongera, amejifunza.

Kwamba hatoi sauti si hoja

Hoja ya kwamba mnyama asiyelia hahitaji kusikia imeshachoka. Dume la kobe hutoa milio ya wazi anapopanda jike. Utafiti wa mwaka 2005 kuhusu kobe wa Hermann wa kusini mwa Ulaya ulionyesha majike wakipendelea milio ya haraka na ya juu zaidi, na huwezi kupendelea usichokisikia. Mwaka 2022 Gabriel Jorgewich-Cohen wa Chuo Kikuu cha Zürich na wenzake walichapisha milio ya spishi 53 zilizodhaniwa bubu, 50 kati yake zikiwa za kasa na kobe. Ule mfoko anaoutoa anapojivuta ndani kwa ghafla, hata hivyo, usiuhesabu kama kauli: ni hewa inayosukumwa kutoka mapafuni miguu na kichwa vinaporudi kwenye nafasi finyu.

Mahali pa kumweka

Kwa kuwa kinachomfikia ni besi na mitetemo, ndivyo vya kumwepusha navyo. Banda lisikae juu ya friji, karibu na mashine ya kufulia, wala sakafu moja na spika kubwa. Kama lazima liwe mezani, weka tabaka la mpira au sponji ngumu chini ya miguu ya meza. Weka kiganja chako kwenye sakafu ya banda vifaa vikiwa vinafanya kazi: ukihisi mtetemo, yeye anauhisi saa zote. Televisheni ya sauti ya wastani si tatizo kwake.

Sikio linapovimba

Tatizo la sikio ambalo mfugaji anaweza kuliona kwa macho ni jipu. Eneo lile la mviringo, badala ya kukaa sawa, hutokeza nje, mara nyingi upande mmoja. Huwapata zaidi kasa wa maji baridi na wale ambao gamba lao la chini lina bawaba na hufunga kama mlango, lakini kobe wa nchi kavu hajasalimika. Mzizi wake huwa maji au banda chafu, joto la chini, au chakula chenye upungufu wa vitamini A, unaofanya utando wa ndani ukakamae na bakteria wapande kutoka kooni kupitia mrija unaounganisha koo na sikio la kati.

Usaha wa reptilia hautiririki. Seli zao nyeupe hazina vimeng'enya vya kuuyeyusha, hivyo hujikusanya kuwa donge gumu, na dawa ya kuua bakteria peke yake haipenyi ndani yake. Kulikamua hakusaidii na kunaweza kukiumiza kiwambo. Daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa reptilia hulipasua chini ya dawa ya usingizi, hulitoa donge zima, kisha chumba husafishwa kwa siku kadhaa. Mwambie unamlisha nini na joto la banda ni nyuzi ngapi, la sivyo jipu litarudi. Na sindano ya vitamini A usiikimbilie kwa kubahatisha: kipimo kikizidi, ngozi ya kobe huchubuka na kuacha vidonda vibichi, na hapo utakuwa na wagonjwa wawili katika mnyama mmoja.